Upendo Usiouliza Kadi



Asubuhi moja hapa Pasiansi habari ilitufikia kwamba mpangaji mmoja, kijana aliyejipatia riziki kwa kubeba magunia ya dagaa Mwaloni, Kirumba, amefariki usiku. Alikuwa Mkatoliki; rozari yake ilitundikwa juu ya kitanda. Viongozi wa jumuiya wakakutana. Neno la kwanza lililosemwa halikuwa sala, bali swali: kadi yake iko wapi? Daftari likafunuliwa. Jina lake lilikuwamo, lakini safu za michango zilikuwa tupu kwa muda wa mwaka na zaidi. Ikaamuliwa jumuiya isishiriki. Akazikwa na wabebaji wenzake na majirani, wengi wao wakiwa Waislamu na Walutheri. Sisi tunaoandika maneno haya tulikuwamo katika kikao hicho, na hatukufumbua kinywa.

Hatuandiki ili kumshtaki mtu. Utaratibu wa kadi una sababu yake. Wako waumini wanaolikumbuka Kanisa siku ya msiba tu, na mzigo wa sanduku, turubai na gari huwaangukia wachache wale wale. Tena, Maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua katika miaka ya 1970 kuzijenga Jumuiya Ndogo Ndogo, walitaka Wakristo wafahamiane kwa sura na kwa majina, wala wasiwe umati wa watu wa Jumapili. Kadi ilikusudiwa kusaidia kufahamiana huko. Ubaya huanza pale kadi inaposhika nafasi ya sura ya mtu.

Sheria ya Kanisa yenyewe haituruhusu tufike huko. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, katika kanuni ya 1176, unaagiza waamini waliofariki wapewe maziko ya Kanisa. Wanaonyimwa wametajwa katika kanuni ya 1184, kama vile walioiasi imani waziwazi bila kuonyesha dalili ya toba. Aliyeshindwa kutoa mchango hayumo. Na kanuni ya 1181, inayohusu matoleo ya mazishi, inaonya pasiwe na upendeleo, wala maskini wasikose maziko yanayostahili. Basi tunapomwacha ndugu kwa ajili ya deni, tusidhani kwamba tunalinda sheria.

Katika Kitabu cha Tobiti tunasoma habari za mtu aliyekuwa ameketi kula siku ya sikukuu. Alipoambiwa kwamba mmoja wa taifa lake ameuawa na kutupwa sokoni, alikiacha chakula kabla hajakionja, akautwaa mwili, na jua lilipokuchwa akauzika. Majirani walimcheka, maana tendo hilo liliwahi kumletea hatari ya kuuawa. Tobiti hakuuliza kama marehemu alikuwa mtu mwema.

Nasi wa Mwanza tumekwisha kulifanya jambo hilo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia bandari yetu, na mamia ya watu wakafa maji. Wengi hawakutambuliwa, wakazikwa pale Igoma. Waliochimba makaburi hawakuwa na njia ya kujua nani alikuwa wa jumuiya ipi, wala wa dini ipi. Walizika watu.

Labda mtu atasema kwamba maafa makubwa huamsha huruma ya kila mmoja, bali mambo ya kila siku yana taratibu zake. Ndiyo sababu twawaomba mwatazame vijana wa seminari ndogo ya Buta, katika nchi jirani ya Burundi. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, watu wenye silaha waliingia bwenini na kuwaamuru wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande huu. Vijana walikataa. Walishikamana, na 40 kati yao wakauawa. Ushujaa ule haukuzaliwa alfajiri ile. Walezi wao walikuwa wamewazoeza kucheza pamoja, kusali pamoja, na kuzungumza bila kuficha juu ya chuki iliyokuwa ikiigawa nchi. Walikataa kutengwa mbele ya bunduki kwa kuwa walikwisha kukataa mezani na uwanjani.

Hapa Pasiansi hakuna aliyetuelekezea bunduki. Hata hivyo tunajitenga wenyewe: wenye nyumba huku na wapangaji kule, waliolipa huku na wanaodaiwa kule. Mtume Yohane, katika Waraka wake wa kwanza, sura ya tatu, akiisha kutufundisha kwamba yatupasa kuutoa uhai wetu kwa ajili ya ndugu, mara moja anageuka kumsema mwenye mali anayemfungia moyo ndugu mhitaji. Kwake yeye mambo hayo mawili ni upendo mmoja. Asiyeweza kutoa gharama ya sanda, atautoaje uhai?

Twajua manung'uniko yatakuwapo. Aliyechanga miaka kumi bila kukosa ataona uchungu kumzika kwa heshima ile ile mtu asiyechanga kitu. Uchungu huo ndio sadaka yenyewe. Kumsaidia atakayetusaidia kesho ni ujirani mwema, wala si vibaya. Lakini marehemu hana cha kurudisha.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila jumuiya iazimie kwamba siku ya msiba daftari halifunguliwi. Pili, kila mwezi watu wawili watumwe kwenye vyumba vya wapangaji, wakaulize hali, wala si michango. Anayekosa kuchanga kwa mwaka mzima huenda anaumwa, au hana kazi, au anaona haya kuja mikono mitupu. Tatu, pawe na mfuko mdogo wa kuwazika maskini, na majina ya wanaouchangia yasisomwe hadharani.

Kijana yule wa Mwaloni alikuwa jirani yetu kwa zaidi ya mwaka, na hatukubisha hodi mlangoni kwake hata mara moja. Deni lake daftarini tulilihesabu. Deni letu kwake halimo katika daftari lolote, na hatuna tena njia ya kumlipa yeye. Tunaweza tu kumlipa mpangaji anayefuata, angali hai.