Mafuta ya Gia: Dawa Moja Haiponyi Maradhi Yote

Katika wilaya nyingi za Afrika Mashariki, gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne si chombo cha anasa. Ndilo lipelekalo chanjo katika zahanati za mbali, ndilo limfikishalo hospitali mama aliyepatwa na uzazi wa shida, na wakati wa masika huwa ndilo pekee lipitalo penye tope. Giaboksi ya gari hilo ikivunjika, huduma husimama mpaka vipuri vipatikane, na vipuri hivyo hununuliwa kwa fedha za kigeni. Kwa sababu hiyo uchaguzi wa mafuta ya gia, ambao katika karakana nyingi huachiwa mazoea, unastahili kuangaliwa upya kwa jicho la kitaalamu.

Mazoea yenyewe ni mawili. La kwanza ni kununua pipa moja la mafuta ya gia na kuyatia kila mahali: katika giaboksi, katika transfa inayogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na katika difu zote mbili. La pili ni kuamini kwamba mafuta mazito zaidi ndiyo bora zaidi. Yote mawili yafaa yaachwe.

Kazi Zisizofanana

Katika difu za magari mengi ya aina hii, pinioni hukutana na krauni chini ya mstari wa katikati. Mpangilio huo huitwa hipoidi. Meno yake hayabingiriki tu, bali pia husuguana kwa kuteleza chini ya mzigo mkubwa. Shinikizo huwa kali kiasi kwamba utando wa mafuta ya kawaida hukatika, na chuma kikagusana na chuma. Ili kuzuia hilo, mafuta ya difu hutiwa viungo vya salfa na fosforasi. Joto linapopanda pale meno yanapogusana, viungo hivyo huungana na chuma na kufanya tabaka jembamba. Tabaka hilo ndilo lisagikalo, na jino likabaki salama. Taasisi ya Petroli ya Marekani, API, huyapa mafuta yenye kinga kubwa ya namna hiyo daraja la GL-5. Yale ya GL-4 huwa na kinga ya wastani.

Ndani ya giaboksi hali ni nyingine. Humo mna pete za kulinganisha kasi ya gia, ambazo mara nyingi hufanywa kwa mchanganyiko wa shaba na zinki. Pete hizo sharti zishike, wala zisiteleze, ili gia iingie bila kelele. Salfa kali huweza kuishambulia shaba, hasa mafuta yakiwa ya moto. Na mafuta yenye utelezi kupita kiasi huifanya pete ishindwe kushika. Baada ya muda gia huanza kugoma, dereva huilazimisha, na uharibifu huhama kutoka kwenye pete kwenda kwenye meno.

Hata hivyo haifai kuhitimisha kwamba GL-5 ni sumu kwa kila giaboksi. Vitabu vya Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70 huruhusu GL-4 au GL-5 ya SAE 75W-90 katika giaboksi za mkono, ilhali difu huagiziwa GL-5. Giaboksi ya LT77 iliyofungwa katika baadhi ya Land Rover za miaka ya 1980 iliagiziwa mafuta mepesi ya ATF, yatumikayo pia katika giaboksi za otomatiki, huku difu za magari hayo hayo zikitaka SAE 90. Aliyetia SAE 90 kila mahali aliitendea haki difu na kuidhulumu giaboksi. Funzo ni moja: ajuaye metali zilizomo ndani ya sanduku ni yule aliyelitengeneza, na maagizo yake yamo kitabuni.

Namba na Maana Yake

Namba za SAE hueleza mnato, wala hazielezi ubora. Aidha, kipimo cha mafuta ya gia si kile cha mafuta ya injini. Katika nyuzi 100 za Selsiasi, mafuta ya gia ya SAE 90 huwa na mnato unaokaribiana na ule wa mafuta ya injini ya SAE 40 au 50. Namba yenye herufi W huhusu baridi kali: 80W hupimwa katika nyuzi 26 chini ya sifuri. Katika nchi za joto, namba ya pili ndiyo yenye uzito zaidi.

Wapo mafundi wanaotia SAE 140 katika difu iliyochakaa ili inyamaze. Pale kitabu kinaporuhusu, kwa joto kali na mizigo mizito, hakuna ubaya. Lakini mafuta mazito kupita kiasi hula nguvu ya injini, huongeza joto, na huchelewa kufika kwenye beringi asubuhi. Kuinyamazisha difu si kuiponya.

Ununuzi na Utunzaji

Itasemwa kwamba pipa moja huepusha gharama na mkanganyiko. Hoja hiyo ina nguvu pale tu vitabu vya magari yote ya karakana vinapoyakubali mafuta hayo hayo. Pasipokuwa hivyo, mapipa mawili yaliyoandikwa waziwazi ni nafuu kuliko giaboksi moja. Kosa huanzia hata kabla ya karakana, pale hati ya zabuni inapotaja “mafuta ya gia” bila daraja wala mnato, na muuzaji wa bei ya chini akashinda. Rahisi ni ghali.

Mafuta sahihi nayo huharibika yakiingiwa na maji. Difu iliyopata moto ikizamishwa ghafla mtoni, hewa iliyomo hunywea na kuvuta maji ndani, hasa kipumulio kikiwa kimeziba. Mafuta yaliyogeuka rangi ya maziwa hayana budi kumwagwa, hata kama muda wake haujatimia. Wakati wa kubadilisha, kizibo cha kujazia kifunguliwe kabla ya kile cha kutolea, kwani kikigoma baada ya mafuta kumwagwa, gari halitaondoka.

Yapasa basi kila ofisi yenye magari iandike, kwa kila gari, daraja, mnato na kiasi cha mafuta ya kila sanduku, na karatasi hiyo ibandikwe ukutani karakanani. Hati za zabuni nazo zitaje maneno hayo hayo. Kazi hiyo haihitaji mtambo wala mtaalamu kutoka ng’ambo. Yahitaji kitabu cha gari, kalamu, na mkuu wa karakana aliye tayari kukataa pipa lisilostahili.