Nguruwe Hajui Bei ya Mtutu

Siku hizi umezuka mtindo miongoni mwa wenye bunduki ambao mimi nauita, bila kuomba radhi, ulevi wa mitutu. Mtu anayo bunduki yake ya marisau, halali, ina kibali na inafyatuka vizuri, lakini hatulii mpaka aipeleke kwa fundi ikabanwe mdomo, ichongwe koo, au itobolewe matundu ubavuni. Nimekaa Kilwa Masoko miaka mingi, nimefundisha, nimelima, na nimelinda shamba usiku. Naandika haya kwa sababu fedha zinazoteketea katika mambo hayo ni fedha za korosho na ufuta, yaani jasho la mkulima, na kile anachokitafuta kwa fedha hizo hakimo ndani ya mtutu.

Nianze na kitu chenyewe, maana wengi wanakibishania bila kukijua. Mtutu wa bunduki ya marisau, au kasiba kama walivyoita wazee wetu, ni laini ndani mithili ya bomba. Ule unaoitwa namba 12 una upana wa ndani wa milimita 18.5 hivi. Karibu na mdomo waweza kubanwa kidogo ili marisau yatoke yakiwa yameshikana na yasitawanyike upesi. Habari hiyo si mpya hata kidogo; huko Uingereza mfua bunduki W. W. Greener alikuwa akiitangaza tangu miaka ya 1870. Hupimwa hivi: unaweka karatasi umbali wa yadi 40, ambazo ni mita 36 na ushei, unachora duara la inchi 30, kisha unahesabu matundu. Mtutu usiobanwa huingiza marisau kama 40 katika kila 100 ndani ya duara. Uliobanwa kabisa huingiza kama 70. Na mbano wote huo, msomaji, ni wa takriban milimita moja tu. Hiyo milimita moja ndiyo inayouzwa.

Mpwa wangu mmoja, kijana mwema anayefanya kazi Dar es Salaam, alinijia na hesabu kamili. "Mjomba," akaniambia, "bunduki yako ni nzuri lakini mtutu wake ni wa kizamani. Tuurekebishe, nguruwe hawatakusumbua tena." Aliyatoa hayo katika video za simu, ambamo Wamarekani hulenga vigae vinavyorushwa hewani. Nikamwuliza, "Mwanangu, nguruwe wa Mavuji huruka?" Akacheka, lakini hakujibu.

Tuseme kweli. Nguruwe pori wa huku kwetu haonekani mita 36. Huja usiku, katika giza na majani, na ukimwona upo naye hatua 15, pengine 10. Kwa umbali huo mtutu uliobanwa na usiobanwa hutofautiana shubiri moja au mbili tu katika kutawanya. Kiasi cha marisau manene kina punje tisa, kila moja karibu milimita 8 na nusu kwa upana, na nguruwe mzima ana kilo 60 na zaidi. Punje hizo zitaingia mwilini mwake kwa mtutu wowote ule kama mkono wako umetulia. Kama haukutulia, mbano unakudhuru, kwa sababu umejipunguzia nafasi ya kukosea. Tena punje nene zikisukumwa katika mbano mkali huenda zikagongana na kwenda ovyo kuliko mwanzo. Na anayetumia donge moja la risasi, jambo la kawaida kwa mnyama mkubwa, hushauriwa na watengenezaji wenyewe atumie mtutu usiobanwa sana. Kwa hiyo mtu analipa ili bunduki yake iifanye vibaya zaidi kazi anayoihitaji.

Suala la koo ni refu kidogo. Mbele ya chumba cha kiasi mtutu huwa na sehemu inayopungua upana taratibu, na mafundi husema wakiirefusha, marisau hayapondeki na bega haliumii. Lilikuwa na maana zaidi zamani. Tangu miaka ya 1960 viasi vingi huwa na kikombe cha plastiki ndani kinachobeba marisau na kuyakinga na ukuta wa mtutu. Kazi ile fundi anayotaka kulipwa imekwisha kufanywa kiwandani. Na bega? Niliwafundisha watoto wa Darasa la Saba kwamba kitu kikisukumwa mbele, kinachosukuma hurudi nyuma. Uzito wa marisau, kasi yake, na uzito wa bunduki ndivyo vinavyoamua pigo litakuwa kubwa kiasi gani. Kuchonga koo hakubadili hata kimoja katika hivyo vitatu kwa kiasi cha kutajwa. Ukitaka bega lipone, tumia kiasi chepesi, au weka kipande cha mpira nyuma ya kitako, tena kitako chenyewe kilingane na mkono wako. Wengi wa hapa wanatumia bunduki zilizotengenezwa kwa Wazungu wenye mikono mirefu kuliko yao, kisha wanalaumu mtutu.

Matundu ya ubavuni ndiyo yanayonikera kuliko yote. Ati moshi ukitokea pembeni, mdomo wa bunduki haunyanyuki. Sawa. Lakini moto nao hutokea hapo hapo, na mlio humrudia aliye kando. Mlinzi wa shamba hukaa dunguni usiku, mara nyingi pamoja na mke au mtoto wake. Afyatue mara moja, macho yapofuke kwa mwanga, na mtoto azibuliwe masikio. Je, akijeruhi nguruwe, atamfuata kwa macho gani?

Sidharau hatari yenyewe. Wasomaji wa mijini hudhani nguruwe ni mzaha. Mwaka 2005 jarida la Nature lilichapisha taarifa ya watafiti kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania wasiopungua 563 na kujeruhi zaidi ya 308, wengi katika wilaya za kusini na pwani, mkoa wetu wa Lindi ukiwamo. Jirani zetu wa Rufiji walisumbuliwa na simba mmoja aliyeua watu zaidi ya 30 kabla hajauawa mwaka 2004. Na watafiti walionyesha kile ambacho wakulima wetu walikijua: simba humfuata nguruwe, nguruwe hufuata mazao, na mtu hulala shambani kumlinda nguruwe asile. Hivyo vitatu hukutana usiku mmoja. Wengi wetu hapa ni Waislamu, nguruwe hatumli. Tunamuua na kumwacha, kwa hiyo hata kitoweo cha kufidia gharama hakipo. Kila shilingi inayotolewa kwa ajili ya vita hivi lazima ihesabiwe.

Labda nitaambiwa mimi ni mzee wa gobori. Najivunia. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliwazuia Waafrika kupata bunduki za kisasa, zikaachwa zile za kushindilia baruti kwa mdomo, na kwa hizo wasasi wa kwetu waliishi vizazi. Walifunga hirizi kwenye kitako na kupaka dawa mtutuni. Tunawacheka leo. Lakini msasi yule alijua upepo, alijua njia ya mnyama, alitambaa mpaka karibu. Dawa ilikuwa nyongeza ya ujuzi. Huyu wetu wa leo hana ujuzi, ana dawa tupu, na dawa yenyewe imeagizwa ng'ambo.

Kuna ambao matengenezo haya yanawafaa, sikatai. Mashindano ya kulenga vigae hufanyika kwa umbali na kasi ambayo mbano mkali una kazi yake. Mwenye kuwinda kanga mchana kwa kibali, na usiku akalinda muhogo, anaweza kufaidika na midomo ya kufungua na kufunga kwa skrubu, kama bunduki yake ilitoka kiwandani hivyo. Hao ni wachache, na hawahitaji ushauri wangu.

Wengine nawaonya. Bunduki yako imesajiliwa. Kibali chako kilipita kamati ya usalama mpaka polisi. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kutengeneza silaha si kazi ya kila mwenye tupa na mashine ya kutoboa. Anayekata mtutu uwe mfupi simhesabu mkulima. Huyo anajua anakokwenda. Lakini hata mwenye nia njema hupata madhara. Nimeuona mtutu uliochongwa ndani na fundi wa mtaani, chuma kikabaki chembamba upande mmoja, ukapasuka kama ganda la ndizi. Mwenyewe alipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto, ule unaoshika mtutu. Fundi alisema ni viasi vibovu.

Mpwa wangu nilimwomba anipe hesabu yake kwenye karatasi. Tukaweka upande wa pili bei ya wavu wa waya, nguzo, tochi nzuri, na pakiti mbili za viasi vya kujifunzia. Upande wa pili ulikuwa mdogo, na chenji ikabaki. Zile pakiti nilitaka zitumike kwa karatasi kwanza: magazeti ya zamani, hatua 15, mchana, mbele ya tuta la udongo, mahali polisi wanapajua, uone bunduki yako inapiga wapi kabla hujasema ina kasoro. Katika wote walionitajia kasoro za mitutu yao, nimempata mmoja tu aliyewahi kufanya hivyo, naye alikuwa mwanajeshi mstaafu.

Nilipokuwa mwalimu mkuu, shamba la shule la Elimu ya Kujitegemea lilikuwa na ekari za muhogo, na hatukuwa na bunduki hata moja. Tulikuwa na boma la miiba, mitego, mbwa wa wazazi, na zamu. Tulivuna. Hatukuvuna vyote, lakini watoto walikula uji.

Wavu wa mpwa wangu umekwisha kufungwa. Muhogo wangu mwaka huu haukuguswa, ila nguruwe wamehamia kwa jirani yangu upande wa magharibi, mama mjane asiye na bunduki wala wavu. Chenji iliyobaki imeanza boma lake, nayo haitoshi. Tumekubaliana na wenye mashamba ya bonde lile kufanya msako wa pamoja kwa mbwa na nyavu kabla mahindi hayajabeba. Wenye mitutu iliyochongwa nao wamealikwa, na nimewaomba waje na mapanga.