Nywila Aliyoondoka Nayo Marehemu



Tulikuwa tumekusudia juma hili kuendelea na maneno yetu juu ya matumizi ya nyumbani, lakini limetufikia jambo ambalo tumeona lisingoje. Ni jambo la kompyuta, na twajua wako miongoni mwenu ambao wakiliona neno hilo hufunua ukurasa wa pili. Tunawaomba wavumilie, kwa kuwa ndani yake mna deni na mna mirathi.

Mama mmoja katika jamaa zetu, anayekaa Kawangware, alifiwa na mumewe yapata miezi miwili sasa. Marehemu alikuwa mfanyabiashara mdogo wa leso na vikoi. Akinunua kwa wenziwe kwa mkopo, akiuza, akilipa, akikopa tena, kama wafanyavyo wafanyabiashara wote wenye mtaji mdogo na jina jema. Zamani hesabu zake aliziandika katika daftari lenye jalada jeusi. Daftari hilo lipo, lakini kurasa zake zinakoma mwaka 2020. Tangu hapo alizihamishia hesabu zote katika kompyuta ya mezani, mtumba aliyoinunua mjini, akaiweka sebuleni ili na watoto wapate kuitumia kwa masomo.

Kompyuta hiyo ina akaunti mbili. Moja ni ya watoto, nayo haina mamlaka yoyote: mwenye kuitumia husoma na kuandika yaliyo yake, hawezi kuingiza programu mpya, wala kufunua ya mwenziwe. Ya pili ni ya marehemu mwenyewe, na hiyo ndiyo ya msimamizi. Kwa asiyezoea maneno haya, tuseme kwamba akaunti ya watoto ni kama mpangaji aliyepewa ufunguo wa chumba chake, na akaunti ya msimamizi ni kama mwenye nyumba, ambaye funguo zote ziko kwake. Mwenye nyumba amefariki, na nywila yake hakumwambia mtu. Hatudhani alificha kwa ubaya. Wangapi kati yetu tunaosoma haya tumewaambia wake zetu au waume zetu?

Siku ya tatu ya matanga alikuja mtu mmoja, kwa adabu zote, akasema kuwa marehemu alikuwa na deni lake la vitambaa. Baada ya juma moja akaja wa pili. Hakuna aliyewadhania uongo, lakini mama hakuwa na namna ya kujua ni kiasi gani kimelipwa na ni kiasi gani kimebaki, wala ni nani mwingine anayedai na hakuja kwa kuona haya. Nanyi mwajua kwamba mirathi haigawanywi mpaka madeni ya marehemu yametolewa. Warithi wote walikuwa wakingoja, na jibu lilikuwa limefungwa katika sanduku lililoko sebuleni.

Mama yumo edani, hatoki. Basi kijana wake mkubwa akalifunga sanduku lile kwa shuka, akapanda nalo gari la 46, tukakutana naye mjini, Moi Avenue. Tulipanda ghorofa za juu za jengo mojawapo lenye maduka ya kompyuta yaliyobanana kama vibanda vya samaki. Fundi wa kwanza tuliyemkuta aliiwasha, akatazama skrini kwa nukta chache, akasema, "Hii ni kupiga Windows upya tu. Nusu saa, elfu moja na mia tano."

Kijana akauliza, "Na faili za baba?"

"Hizo zitaenda."

Alilisema hilo bila uzito wowote, kama mtu anayesema kuwa mvua itanyesha. Nasi tukiri kwamba kijana alikuwa amekwisha kutia mkono mfukoni kutoa pesa, kwa kuwa alichosikia ni "nusu saa." Duka hilo hatulitaji, wala hatumlaumu sana fundi yule, maana ndilo jibu utakalolipata katika maduka mengi, na kwa mtu ambaye shida yake ni kupata kompyuta inayofanya kazi, ni jibu sahihi. Lakini shida yetu haikuwa kompyuta. Shida yetu ilikuwa kile kilichomo ndani yake, na kupiga Windows upya kwa namna ile ni kubomoa nyumba ili kupata mlango.

Kuna jambo jingine lililotusumbua zaidi. Fundi hakuuliza kompyuta ni ya nani. Katika mji ambao vifaa vya wizi huuzwa mchana kweupe, fundi mwaminifu huuliza risiti, au walau huuliza habari. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 juu ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mitandaoni inasema kwamba mwenye kuvunja ulinzi wa kompyuta akijua hana ruhusa aweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Kompyuta ya marehemu ni sehemu ya tirka yake, na mjane na watoto wake walikuwa wamekubaliana wote ifunguliwe. Hata hivyo tuliwashauri waliandike kubaliano hilo katika karatasi na kulitia sahihi, ili pasije pakawa na mrithi wa kusema baadaye kuwa hesabu zilifunguliwa kwa siri.

Tulirudi Kawangware na sanduku letu kama tulivyolichukua. Hapo ndipo binti wa nyumba, mwanafunzi wa sekondari, alipouliza swali ambalo sisi wakubwa hatukuliuliza: "Kwani tumejaribu nywila gani?"

Hakuna. Miezi miwili mzima hakuna aliyethubutu kuandika hata neno moja katika kisanduku cha nywila, kwa hofu kwamba wakikosea kompyuta itajifuta yenyewe. Hofu hii tumeikuta katika nyumba nyingi, na chanzo chake nadhani ni simu na kadi za benki, ambazo hujifunga mtu akikosea mara kadhaa. Binti akaandika jina lake mwenyewe, akabonyeza. Kompyuta ikasema nywila si sahihi, na chini yake yakatokea maneno madogo ambayo hayakuwapo mwanzo: ya kubadilisha nywila. Akayabonyeza. Yakaja maswali matatu.

Tueleze kidogo. Tangu toleo la Windows 10 la mwaka 2018, mtu anapojifungulia akaunti yenye nywila katika kompyuta yake, bila kuifunganisha na akaunti ya intaneti ya Microsoft, kompyuta humtaka achague maswali matatu na kuyajibu. Wengi huyajibu haraka haraka na kuyasahau. Akija kuisahau nywila, au kama hapa, akija kuondoka nayo, anayeweza kuyajibu yote matatu huruhusiwa kuweka nywila mpya, na hakuna faili inayoguswa. Marehemu alikuwa amechagua haya: Ukiitwaje utotoni? Wazazi wako walikutana mji gani? Chuo au shule yako ya kwanza ikiitwaje?

Mjane alikaa kimya. Ameishi na mtu huyu miaka ishirini na mbili, akamzalia watoto wanne, na kati ya maswali matatu hakulijua hata moja kwa yakini. Alisema wazazi walikutana Lamu bila shaka, kwa kuwa wote wawili ni wa Lamu. Jina la utotoni hakuwahi kulisikia.

Binti akampigia simu shangazi yake marehemu, bibi mzee anayekaa Mkomani, Lamu. Ilikuwa baada ya magharibi. Baada ya salamu, na baada ya kuulizwa hali ya kila mtu mmoja mmoja kama ilivyo ada, akasema, "Nyanya, baba mkimwitaje alipokuwa mdogo?"

Bibi akacheka, kisha akanyamaza, kisha tukamsikia analia kidogo. "Tukimwita Chuchunge," akasema. "Alikuwa mwembamba kama chuchunge, na mdomo mrefu, hanyamazi. Nani amekwambia umuulizie jina hilo?"

Ama wazazi, hawakukutana Lamu. Walikutana Malindi, katika harusi ya mtu ambaye bibi alitusimulia nasaba yake yote kabla ya kurudi katika jambo lenyewe. Babake marehemu alikuwa ameteremka huko na chombo, na mamake amekwenda kwa jamaa zake. Na kuhusu shule, sisi sote tulitaja shule ya msingi. Bibi akasema hapana, kabla ya hapo alisoma chuoni, na chuo kikijulikana kwa jina la mwalimu wake, kama vyuo vyote vya zamani. Binti akaliandika jina la mwalimu. Kompyuta ikakubali.

Tumelieleza hili kwa urefu kwa sababu tunataka msomaji aone funguo zilikuwa wapi. Lau bibi yule angetangulia mbele ya haki, tungelazimika kushika njia nyingine. Njia hiyo ipo: fundi mzuri huichomoa diski, akaiunganisha kwa waya na kompyuta yake, akanakili nyaraka zote bila kuhitaji nywila. Ndiyo, bila kuhitaji nywila. Wengi hushangaa wakiambiwa haya, lakini nywila ya kuingilia hulinda mlango tu, haisitiri karatasi zilizomo. Na kwa kweli ingekuwa busara zaidi kuanza na kunakili hivyo kabla ya kugusa chochote, nasi hatukufanya; shukrani kwa Mola halikutokea la kutokea.

Lakini njia hiyo haifai ikiwa diski imefumbwa, yaani yaliyomo yamegeuzwa kuwa maandishi yasiyosomeka mpaka upatikane ufunguo. Vipakatalishi vingi vya sasa hufumba diski vyenyewe mwenye navyo anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Ufunguo wake wa dharura una tarakimu 48, nao aghalabu huhifadhiwa katika akaunti hiyo hiyo ya mtandaoni. Wenye kompyuta za namna hii wauchapishe leo na kuuweka pamoja na hati za nyumba. Na kama nywila iliyosahauliwa ni ya akaunti ya Microsoft yenyewe, basi hubadilishwa kwa kutumia simu au kompyuta nyingine, na namba ya kuthibitisha hutumwa kwa simu au barua pepe iliyoandikishwa. Laini ya simu uliyoiacha miaka mitatu iliyopita ikiwa ndiyo uliyoandikisha, una kazi mbele yako. Ibadilishe ungali unaingia.

Ujanja wa zamani usihangaike nao. Katika siku za Windows XP mtu akibonyeza F8 wakati kompyuta inawaka huweza kuikuta akaunti fiche ya msimamizi, mara nyingi haina nywila kabisa, na vijana wa saiba za mjini walijipatia sifa kwa hilo. Mlango huo ulifungwa tangu toleo la 2007. Anayekuuzia leo flashi yenye programu ya kufungua kila kompyuta aweza kuwa anakuuzia na mwizi ndani yake.

Katika nyumba ile ya Kawangware, jambo la kwanza baada ya kuingia lilikuwa kufungua akaunti ya pili ya msimamizi, kwa jina la mama, na nywila yake ikaandikwa na kutiwa katika bahasha ndani ya sanduku lake la nguo. Akaunti ya watoto ikaachwa kama ilivyokuwa, ingawa kijana mkubwa alijaribu kutushawishi kuwa naye amestahili cheo. Hatukushawishika. Anataka kuingiza michezo.

Kisha mama akaomba afunguliwe hesabu. Faili ilikuwa juu kabisa, imeandikwa kwa jina la mwezi na mwaka. Wanaodai walikuwa watu saba. Yule mgeni wa kwanza alikuwa amesema kweli hadi shilingi ya mwisho. Wa pili alikuwa amelipwa nusu, na tarehe ya malipo imo. Alipoonyeshwa alikumbuka, akaomba radhi. Na chini kabisa palikuwa na fundi cherehani wa Eastleigh, shilingi 18,400, ambaye hakuna aliyemjua na ambaye hakuwahi kuja.

Jumapili kijana alikwenda Eastleigh na bahasha. Alimkuta fundi yule yuko kwenye cherehani yake. Hakuwa na habari ya msiba. Alikuwa akipiga simu ya marehemu tangu mwezi uliopita, akidhani ameudhika naye kwa sababu ya kanzu alizochelewa kuzimaliza. Kanzu zenyewe, kumi na mbili, zilikuwa zimekunjwa juu ya rafu, zinamngoja.