Mbwa wa ulinzi anapopevuka: tumfunze au tumtupe?



Leo naomba tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu huona haya kulitaja mbele za watu, nalo ni mbwa. Wapo ndugu zetu waliohama Buyenzi na kujenga pembezoni mwa mji wa Bujumbura, ambako nyumba ziko mbalimbali na usiku ni kimya. Kwa kuhofia wezi, wameamua kufuga mbwa wakubwa wa kizungu kama German Shepherd. Mtoto wa mbwa huletwa nyumbani akiwa na miezi 2, na watoto wote humfurahia. Miezi 6 au 7 ikipita, baba mwenye nyumba huja madrasa na kuniuliza: "Maalim, inajuzu kumtupa?" Mwingine huuliza kama anaweza kumtilia sumu.

Maoni yangu ni kwamba swali hilo huulizwa kwa kuchelewa. Tulijiandaa kumpokea mtoto mdogo mwenye manyoya laini, na tukawa tunamngojea mlinzi mkali wa usiku. Umri ulio katikati ya hao wawili hatukuufikiria, na ndio umri ambao mnyama huyu huonewa zaidi.

Kwanza tuiweke sawa hukumu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba anayefuga mbwa pasipo haja, kama vile kuwinda au kulinda mifugo na mashamba, hupunguziwa thawabu za amali zake kila siku. Je, kulinda nyumba kunaingia katika haja hizo? Wanazuoni walikhitilafiana, na Imamu Nawawi aliona kwamba kauli iliyo sahihi zaidi ni kujuzu, kwa kukisia na haja zilizotajwa. Kwa hiyo mwenye hofu ya kweli ya usalama wake ana nafasi. Mwenye kutaka mbwa kwa ajili ya fahari tu, ili jirani aone, hana hoja hiyo.

Sasa tuje kwenye umri wenyewe. Mbwa hubadilisha meno akiwa na miezi kama 4 hadi 7, na mwishowe huwa na meno 42. Wakati huo hutafuna kila kitu. Baada ya hapo huanza kupevuka. Kwa mbwa wa aina kubwa, mifupa huendelea kukua hadi kama mwaka mmoja na nusu, na utulivu huja baadaye, pengine akifika miaka 2. Maana yake ni kwamba kwa muda mrefu unaishi na mnyama mwenye kimo na nguvu za mkubwa lakini akili yake bado ni ya kitoto. German Shepherd dume huweza kufikia kilo 30 hadi 40. Akirukia mtoto wa darasa la kwanza kwa furaha tu, mtoto anaanguka chini.

Mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na Lucy Asher wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walichapisha utafiti wao juu ya jambo hili. Waligundua kwamba mbwa wa miezi 8 humtii mlezi wake kidogo kuliko alivyomtii akiwa na miezi 5, lakini mtu mgeni akimpa amri ile ile hupungui utii wake. Yaani ukaidi ule huelekezwa kwa mlezi hasa. Walipofika miezi 12 hali ilikuwa imetengemaa. Mzazi mwenye kijana wa miaka 13 atacheka akisoma haya, kwa sababu naye anasifiwa adabu za mwanawe na majirani, hali nyumbani haoni adabu hizo.

Sisi nyumbani tunaye mmoja, jina lake Simba, ana miezi 10. Ameshakula kandambili za wanafunzi zilizoachwa nje ya mlango, ameshavuta kanzu kwenye kamba ya nguo, na ameshachimba bustani ya mchicha ya mama watoto mara mbili katika wiki moja. Akiitwa hutazama, kisha hugeuka kwenda anakotaka. Shemeji yangu alinishauri nimfunge mnyororo mchana na usiku mpaka "atie adabu". Sikukubali, na sababu zangu ni hizi.

Mnyororo haufundishi kitu. Mbwa anayefungwa siku nzima hukusanya nguvu zake zote, huogopa kila anayemkaribia, na siku mnyororo ukikatika humuuma aliye karibu, ambaye mara nyingi ni mtoto. Fimbo nayo humfundisha kumkwepa mwenye fimbo. Utamwita na hatakuja, kwa kuwa amejua kwamba kuitwa ni kupigwa.

Tazameni namna sharia yetu inavyomtaja mbwa. Katika Suratul Maida, aya ya 4, Mwenyezi Mungu (S.W.) ametuhalalishia mawindo ya wanyama waliofunzwa. Mafakihi wakaeleza alama za mbwa aliyefunzwa: akitumwa huenda, na akikatazwa huacha. Tena wakasema hayo yarudiwe mpaka ijulikane kwamba ni mazoea yake, si jambo lililotokea mara moja. Ndugu zangu, hawa walijua kwamba mbwa hazaliwi amefunzwa. Walijua kuna kipindi cha kurudia somo lile lile, na kwamba wa kulirudia ni binadamu.

Basi mwenye mbwa wa umri huu afanye nini? Nitaje machache ambayo familia yoyote inaweza.

La kwanza, atolewe nguvu zake. Atembezwe kwa kamba kila siku, asubuhi baada ya Alfajiri na jioni, bila kumlazimisha kuruka sana wala kukimbia masafa marefu, kwa kuwa mifupa yake bado inakua.

La pili, amri ziwe chache na nyumba nzima itumie neno moja. Baba akisema "kaa" na mama akisema "tulia", mbwa atachanganyikiwa. Akitii apewe kipande cha chakula hapo hapo. Somo la dakika 5 mara tatu kwa siku linatosha.

La tatu, viatu, nguo na vyombo viwekwe mbali naye, na apewe kitu chake cha kutafuna. Asipewe mifupa iliyopikwa, maana huvunjika vipande vyenye ncha na kumjeruhi tumboni.

La nne, asiachwe peke yake na watoto wadogo, hata akiwa mpole. Watoto nao wafundishwe wasimsumbue akila wala akilala, na wasikimbie huku wakipiga kelele mbele yake.

La tano, chanjo ya kichaa cha mbwa. Hapa hakuna mzaha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kati ya kila wahanga 10 wapatao 4 ni watoto chini ya miaka 15. Mbwa hupata chanjo ya kwanza akiwa na miezi kama 3, kisha hurudiwa kwa ratiba ya daktari wa mifugo. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni kwa dakika 15, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

La sita, tahara. Sisi tunaofuata madhehebu ya Shafii, mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Wenzetu wa Maliki wana kauli nyingine, nasi tunawaheshimu. Lakini hata kwetu, kavu ikigusa kavu haihamishi najisi. Kwa hiyo awe na banda lake uani, bakuli lake na nguo maalumu ya anayemhudumia. Inawezekana bila kumtesa mnyama wala kuharibu sala.

Najua wapo watakaosema kwamba gharama ni kubwa, au kwamba hawana muda. Hoja hiyo ni ya haki, na jibu lake ni kutomchukua tangu mwanzo. Mlango imara, taa ya nje, mzamu mwaminifu na jirani mwema ni ulinzi pia. Lakini ukimchukua, kisha ukamwachia barabarani akiwa na kilo 30 na njaa, hujaondoa tatizo. Umemhamishia jirani, na haki ya jirani tunaijua sote. Ukishindwa kabisa, mtafutie mwenye nafasi na ujuzi, mweleze tabia zake bila kuficha, na umkabidhi mkononi. Sumu kwa sababu ya kandambili ni dhulma.

Na nyinyi wanafunzi wangu mnaosoma haya: mnakumbuka kisa cha yule mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji katika khofu yake ili kumnywesha mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Mbwa yule hakuwa wake, wala hakumlindia chochote. Huyu aliye uani kwenu mlimleta wenyewe, na kula kwake, maji yake na mafunzo yake viko juu yenu.

Simba bado anachimba bustani. Wiki hii ameitwa mara kumi na amekuja mara sita. Tunaendelea naye inshaallah.

Wabillahi tawfiq.