Nani kawaambia thamostati ni ya Wazungu?

Kuna sentensi moja nimeisikia Mbagala, nimeisikia Morogoro, nimeisikia Iringa, na juzi nimeisikia tena: "Dada, hii nchi ya joto. Thamostati ya nini? Hiyo ni ya Wazungu wenye barafu." Halafu fundi anafungua bolti mbili, anachomoa kile kidude, anakirusha kwenye ndoo ya vyuma chakavu, anajaza maji ya bomba, anafuta mikono. Kazi imekwisha! Mwenye gari anashukuru, analipa, anaondoka. Miezi michache inapita, pampu ya maji inavuja, inabadilishwa. Mwaka haujaisha inavuja na hiyo mpya. Hapo sasa ndipo tunapoanza kuwatukana Wachina.

Jamani, tuache. Leo nagombana na watu wawili. Wa kwanza ni fundi anayebadilisha pampu kana kwamba ile ya zamani imejifia yenyewe usingizini. Wa pili ni mwenye gari anayemlipa kwa kufanya hivyo. Na huyu wa pili ndiye nitakayemlaumu zaidi, subirini.

Kwanza tuelewane ni magari gani. Nasema haya makongwe yetu ya kuvuta kwa miguu yote minne: Land Rover 110 ambazo bado zinadunda vijijini, na hasa Land Cruiser mkonga zenye injini ya 1HZ, ile dizeli ya silinda sita, lita 4.2, iliyoanza kufungwa kwenye Land Cruiser za familia ya 70 mwaka 1990. Wengi wetu tumekua tukiiona. Ndiyo gari la chanjo, la bwana misitu, la polisi, la watalii, na ndiyo inayombeba mama mwenye uchungu kutoka zahanati kwenda hospitali ya wilaya. Ikisimama porini, mara nyingi hakuna gari la pili nyuma yake. Kwa hiyo msiniambie naandika habari za spana. Naandika habari za watu.

Sasa pampu. Ni kitu rahisi mno: shafti moja, beringi, sili ya kuzuia maji, na panga dogo ndani linalosukuma maji yazunguke kati ya injini na rejeta. Kwenye 1HZ inazungushwa na mikanda ya mbele. Chini ya shafti kuna kitundu kidogo. Kile kitundu hakikuwekwa kwa bahati mbaya! Sili ikianza kuchoka, maji yanadondokea pale ili wewe uone, ubadilishe pampu kabla beringi haijaoza. Ni kengele. Nimewahi kuona kwa macho yangu kitundu hicho kimezibwa kwa gundi ya chuma, na dereva anasifia kwamba "fundi yule mkali, kaziba uvujaji kwa dakika tano". Kaziba mdomo wa mlinzi, bwana!

Kinachoiua sili ni maji tunayoyanywesha magari. Maji ya kisima ya Dar yenye chumvi, maji ya bomba yenye chokaa, maji ya mtoni yaliyochotwa kwa kopo la mafuta. Angalia ndani ya birika lako la chai nyumbani, ule ukoko mweupe. Sasa piga picha ukoko huo ndani ya njia za maji za injini na kwenye mirija myembamba ya rejeta, uchanganye na kutu, halafu uchafu huo wote upite kwenye sili ya pampu tena na tena kila saa. Ni sawa na kuisugua kwa msasa.

"Lakini kulanti ni ya kuzuia maji yasigande, sisi hatuna theluji." Huu ndio uongo mkubwa kuliko wote, na umeenea kwa sababu una chembe ya ukweli. Ni kweli kulanti inazuia kuganda. Lakini ina dawa ya kuzuia kutu, na hiyo ndiyo sisi wa nchi za joto tunayoihitaji usiku na mchana. Halafu kuna jambo jingine ambalo sijui kwa nini halisemwi: mchanganyiko wa nusu kulanti nusu maji unachelewa kuchemka. Pwani maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 100, mchanganyiko huo unafika 107 hivi. Panda sasa hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mita 2,300 hivi juu ya bahari. Kule maji ya sufuriani yanachemka kwenye nyuzi 92 tu! Kinachookoa gari ni kifuniko cha rejeta, kinachobana mgandamizo. Kifuniko kizima cha 0.9 bar kinayafanya hata maji matupu, yakiwa pwani, yasichemke mpaka karibu nyuzi 119. Sasa kwenye magari yetu mpira wa kifuniko hicho umekatika tangu enzi za Mkapa, na kimefungwa na kipande cha tairi la baiskeli. Tunashangaa gari kuchemsha?

Narudi kwenye thamostati, maana ndiyo iliyonitoa kimya. Watu wanadhani ni kizuizi: ukiitoa, maji yanapita kwa wingi, injini inapoa. Inaingia akilini. Ila si hivyo. Kwenye injini nyingi za Toyota za miaka ile thamostati ina sahani mbili. Injini ikiwa baridi, sahani ya juu inafunga njia ya rejeta, na maji yanazunguka kwa njia fupi ya pembeni ili injini ipate joto haraka. Joto likifika, sahani ya juu inafungua njia ya rejeta na ile ya chini inaziba njia ya pembeni. Ukiitoa, njia ya pembeni inabaki wazi siku zote! Sehemu ya maji ya moto inakata kona na kurudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Kwenye tambarare hutagundua, tena injini itakuwa baridi kupita kiasi, itakula dizeli na kutoa moshi. Ukianza kupanda mlima na mzigo, ndipo sindano inapopanda. Vitabu vya ufundi vya Toyota vya injini kadhaa vimeonya kitu hicho hicho: usiitoe, hata kama injini ina tabia ya kupata joto, maana uwezo wa kupoza unapungua. Wajapani waliitengeneza, wakaandika, sisi tunawarekebisha kwa nyundo.

Sisemi haya kwa kusoma tu. Kuna safari moja ya kikazi tulipanda gari la mradi fulani, mkonga, namba za DFP. Tulipofika Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu kama watu wote, tukaanza kuupanda Kitonga. Katikati ya kona, nyuma ya malori mawili, sindano ikaenda kwenye nyekundu. Tukasimama, mawe chini ya matairi, malori yanatupigia honi. Dereva, mtu mzima wa umri wa baba yangu, hakushangaa hata kidogo. Nikamuuliza, "Mzee, pampu si mmebadilisha juzi tu?" Akasema, "Mwanangu, pampu nimebadilishiwa wiki tatu zilizopita, original, risiti ipo. Thamostati na kusafisha rejeta nimeomba mara mbili kwa barua. Nimejibiwa kwamba gari tayari limeshatengenezwa."

Tulikokotwa hadi Iringa. Gereji wakafungua: pampu mpya, nzima kabisa, haina tatizo lolote. Maji yaliyomwagika yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Rejeta nusu ya mirija imeziba. Thamostati haipo. Na hedi ndiyo hiyo tena, imepinda. Mradi uliokataa kununua kidude cha bei ya chakula cha mchana cha watu wachache ukalipa kufungua injini nzima. Na hapo tulikuwa waandishi tu na vitunguu vyetu. Je, angekuwemo mgonjwa?

Ndiyo maana nasema mwenye gari ana hatia kubwa kuliko fundi. Fundi amejifunza kutoka kwa wateja wake. Mteja anataka kuona kitu kipya chenye boksi, kilichofungwa, kwenye risiti. Kusafisha njia za maji kunachukua nusu siku na hakuonekani. Namjua kijana aliyesoma ufundi VETA, anamwambia kila mteja ukweli: tubadilishe pampu, thamostati, mipira, kifuniko, tusafishe, tuweke kulanti. Mteja anasikiliza, anasema "ngoja nijipange", anavuka barabara kwa jirani anayesema "toa tu hiyo". Nani hapo amemfukuza fundi mzuri? Na wakubwa wa ofisi ndio wabaya zaidi, kwa sababu gari si lao na fedha si zao. Wao wanasaini pampu tatu kwa mwaka bila kuuliza hii ya tatu imekufa kwa nini.

Spea bandia zipo, sikatai, Kariakoo na Ilala zimejaa maboksi yenye majina makubwa na chuma cha ajabu ndani. Tume ya Ushindani imeundwa kwa sheria ya mwaka 2003 na inakamata bidhaa bandia, safi sana. Ila hakuna tume itakayokuja kukujazia kulanti. Pampu ya dhahabu nayo itakufa kwenye maji ya kutu.

Kazi yenyewe basi ifanywe hivi. Injini ipoe kabisa, na kifuniko cha rejeta kisiguswe cha moto, watu wameungua uso. Maji yamwagwe kwenye beseni uyaone rangi, usikubali yamwagwe mtaroni ukiwa umepelekwa kunywa soda. Inatoka kava ya feni, inatoka feni na kilachi yake, mikanda, puli, ndipo pampu. Feni ikaguliwe: likivunjika panga moja inayumba, na kuyumba kunaimaliza beringi. Bolti za pampu hazilingani urefu, kwa hiyo fundi atoboe kipande cha boksi kwa mpangilio ule ule achomeke kila moja mahali pake. Ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi, ama inapasua ama haibani. Gasketi ya zamani ikwanguliwe taratibu, si kwa patasi. Silikoni, kama lazima iwepo, iwe utando tu. Ile inayofura nje kama krimu ya keki, ujue imefura na ndani, na itakatika iende kuziba rejeta. Mikanda isikazwe kama nyuzi za gitaa, hilo nalo linaua beringi. Ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati uingie sentimita moja hivi.

Thamostati ya zamani mnaweza kuipima bila gharama. Mama ntilie yuko pale pale gereji. Muombe sufuria, itumbukize kwenye maji yanayopata moto uone kama inafunguka kabla maji hayajachemka. Nyuzi zake zimeandikwa juu yake. Isipofunguka, itupwe, na mpya iingie mahali pake, pasiachwe tundu.

Kisha maji. Mnaosema kulanti ghali, nunueni ile ya kuchanganya wenyewe, na maji ya kuchanganyia yawe yaliyochujwa chumvi, haya yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri, SI ASIDI tafadhali! Ukiyakosa, maji safi ya mvua ni bora kuliko ya kisima chako. Jaza polepole, hita ikiwa wazi, washa, subiri mpaka mpira wa juu wa rejeta upate moto, ndipo ujue thamostati imefunguka na hewa inatoka. Kulanti ya kawaida ibadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi.

Na wewe mkubwa mwenye gari la ofisi, kesho asubuhi kabla dereva hajawasha, shuka na shati lako jeupe, fungua kifuniko cha rejeta, tumbukiza kidole. Kikitoka na rangi ya udongo, pampu uliyoisainia mwezi uliopita imeshaanza kuliwa. Ile barua ya dereva kuhusu thamostati iko kwenye faili. Itafute, uisaini.