Pazia la Bafu: Pambo Linalohama na Mwenyewe

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango. Hata hivyo, katika familia nyingi fedha na jasho huishia sebuleni. Vitambaa vya viti hufuliwa, picha hutundikwa, zulia hukung'utwa kila Jumamosi. Lakini bafu huachwa na msumari wenye kutu na kipande cha plastiki kilichokwisha kugeuka rangi. Na huko bafuni ndiko kila mtu wa nyumba aingiako kila siku, mkubwa kwa mdogo, mwenyeji kwa mgeni. Ndiko pia mtu abakiako bila nguo, bila sare na bila cheo. Chumba cha namna hiyo hakistahili kuwa cha mwisho kukumbukwa.

Mtaa wa Kiriri, ulio kwenye miteremko ya mashariki ya Bujumbura, ni mfano mzuri wa jambo hili. Kutoka huko mtu huliona jiji lote, Ziwa Tanganyika, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Ndiko iliko Kampasi ya Kiriri ya Chuo Kikuu cha Burundi, katika majengo yaliyokuwa ya Collège du Saint-Esprit. Na katika miinuko hiyo hiyo limejengwa kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa Oktoba 13, 1961. Nyumba nyingi za zamani za mtaa huo ni za wakati wa utawala wa Ubelgiji, uliokoma Julai 1, 1962, mji ulipokuwa ukiitwa Usumbura. Bafu la nyumba kama hizo aghalabu lina hodhi la kuogea lililo zito, sakafu ya terazo, na vigae vyeupe vipandavyo ukutani.

Vitu hivyo ni imara, bali havibadilishwi kwa urahisi. Aliyepanga nyumba, au akaaye katika nyumba ya serikali kwa sababu ya kazi yake, hana ruhusa ya kung'oa vigae wala kutoboa ukuta apendavyo. Tena askari hajui barua ya uhamisho itamkuta lini. Ndiyo maana mapambo yake hayana budi kuwa ya kufungasha. Pazia la bafu, ambalo wenyeji wengi wa Bujumbura huliita rido, pamoja na kulabu zake 12, ni pambo la namna hiyo. Hutundikwa kwa muda mfupi, hubadilisha sura ya chumba kizima, na siku ya safari huingia katika mfuko mmoja.

Kipimo kabla ya duka

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kuchagua rangi kabla ya kushika futi. Mapazia mengi ya dukani yana upana wa sentimita 180 na urefu wa 180 au 200, pamoja na matundu 12. Hodhi la kuogea kwa kawaida lina urefu wa sentimita 150 hadi 170. Pazia lililo sawa kabisa na nafasi yake husimama kama ubao na kuacha mwanya pembeni, na maji hupita papo hapo. Lililo pana zaidi hujikunja kwa mawimbi na kuziba vizuri.

Anayetaka pazia la fahari kwa gharama ndogo hahitaji kungoja bidhaa za ng'ambo. Kitenge chatosha. Tangu Soko Kuu la Bujumbura lilipoungua Januari 27, 2013, wauzaji wametawanyika katika masoko na maduka mengine ya jiji, na mtaa wa Buyenzi, makao ya kale ya Waswahili, haukosi mafundi cherehani. Kitenge cha yadi 6 ni karibu mita 5 na nusu. Zikikatwa sehemu mbili za sentimita 215 kila moja, zikaunganishwa ubavu kwa ubavu, na kama kitambaa kina upana wa sentimita 115, hupatikana pazia lenye upana wa sentimita 224 hivi baada ya mishono. Huo ni mara moja na nusu ya hodhi la sentimita 150, na ndicho kiasi kinachotoa mikunjo mizuri. Hubaki zaidi ya mita moja, ambayo hutosha pazia la dirisha dogo la bafu hilo hilo.

Kitenge cha pamba kilowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, ili kiruke mapema na kutoa rangi iliyozidi. Fundi aache pindo la sentimita 5 juu na la 15 chini. Pazia litabaki na urefu wa sentimita 195. Bomba la kutundikia likiwa sentimita 205 kutoka sakafuni, na kulabu zikishuka sentimita 5, kitambaa kitaishia sentimita 5 juu ya sakafu, mahali ambapo hakitafyonza maji.

Kitenge peke yake hakizuii maji. Kwa hiyo ndani yake hutundikwa pazia la pili, la plastiki nyeupe lisilo na urembo, na pindo lake huingizwa ndani ya hodhi. Kitambaa hubaki nje kwa ajili ya macho. Plastiki hubaki ndani kwa ajili ya maji. Palipo na pembe ya kuogea bila hodhi, plastiki iteremshwe hadi sentimita mbili juu ya sakafu.

Rangi isiyoomba radhi

Wengi huogopa maua makubwa katika chumba kidogo, wakidhani kwamba yatakibana. Kinyume chake, bafu lenye vigae vyeupe na terazo ya kijivu limekwisha kuwa tulivu kupita kiasi; picha moja kubwa yenye rangi kali hulipa uhai. Sharti ni kwamba iwe moja. Pazia likiwa na duara kubwa za manjano na buluu, taulo ziwe za rangi moja tu kati ya hizo, na mkeka wa mlangoni usiwe na ua lolote. Ikiwa vigae vyenyewe ni vya waridi au kijani, kama ilivyopendwa zamani, pazia litafutwe lenye rangi hiyo ndani yake, walau kidogo, ili viwili hivyo visigombane.

Kitambaa kitazamwe mara mbili kabla ya kukatwa: mara moja kwa mwanga wa asubuhi, na mara nyingine kwa taa ya usiku. Kiriri huelekea magharibi, na jua la jioni lizamapo nyuma ya milima ya Kongo huingia ndani kwa rangi ya chungwa. Nyekundu iliyoonekana ya wastani dukani huweza kuwaka kama moto saa kumi na mbili jioni. Jua hilo hilo hupausha rangi upesi. Pazia lililo mkabala na dirisha litadumu zaidi likitundikiwa kitambaa chepesi dirishani.

Kulabu na bomba

Kulabu za chuma cha kawaida hupendeza kwa mwezi mmoja, kisha hushika kutu na kuchora mistari ya kahawia juu ya kitambaa. Zilizo bora ni za shaba, za chuma kisichoshika kutu, au za plastiki nzito. Kulabu yenye vichwa viwili inafaa kuliko zote, kwa kuwa kitambaa hushikwa upande mmoja na plastiki upande wa pili, na kimoja huweza kutolewa kufuliwa bila kukisumbua kingine.

Mwenye mikono ya kazi aweza kuzitengeneza mwenyewe. Waya mnene wa shaba wa mita 2 hukatwa vipande 12 vya sentimita 15 hivi, na kila kimoja huviringwa juu ya mpini mnene kuwa duara yenye nafasi ya sentimita 4, ncha zake zikikunjwa ndani zisichane kitambaa. Shanga moja ya mti iliyopakwa vanishi, ikitiwa katika kila kulabu, humaliza urembo. Matundu ya kitambaa yapangwe kwa umbali wa sentimita 20 hivi, la kwanza na la mwisho yakiwa sentimita 3 kutoka ukingoni. Fundi viatu aweza kuyagongea viduara vya shaba kama afanyavyo kwenye matundu ya kamba za buti.

Kwa bomba, palipo na kuta mbili zinazoelekeana hutumika lile lenye springi ndani, lijibanalo lenyewe bila msumari wala tundu. Afisa wa nyumba hatakuwa na la kudai.

Pazia linalomwandama mwogaji

Wengi wamepata kuudhika kwa pazia jepesi linaloingia ndani na kugandia miguuni mara tu bomba la mvua lifunguliwapo. Jambo hilo limewahi kuchunguzwa na mtaalamu. David Schmidt wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, alilipigia hesabu kwa kompyuta, na mwaka 2001 akapewa tuzo ya Ig Nobel, itolewayo kwa utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Alionyesha kwamba matone yanayoanguka huizungusha hewa kama kimbunga kidogo kilicholala ubavu, na katikati ya kimbunga hicho mkandamizo wa hewa hupungua. Hapo pazia huvutwa ndani. Dawa yake ni uzito. Vikokoto laini vya ufukoni mwa ziwa, vikishonewa ndani ya pindo la chini kila baada ya hatua ya mkono, hulituliza pazia.

Ukungu na sumu

Katika miezi ya mvua, inayoanza kama Oktoba na kuendelea hadi Mei, nguo hukauka polepole na ukungu hustawi. Baada ya kuoga, pazia lisisongwe pembeni likiwa bichi, bali linyooshwe lote na dirisha lifunguliwe. Plastiki isuguliwe kwa maji ya moto na sabuni kila baada ya wiki mbili. Madoa meusi yakianza, yapanguswe kwa siki na kusuuzwa.

Hapa pana hatari moja ambayo kila mtu wa nyumba, hata mtoto na msaidizi wa kazi, lazima aijue. Maji ya javeli, yaani dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, yasichanganywe kamwe na siki, wala na dawa yoyote ya kusafishia choo, wala na kitu chenye amonia. Javeli ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini. Wanajeshi wanaijua gesi hiyo kwa historia: ndiyo iliyofunguliwa na Wajerumani dhidi ya mahandaki ya adui huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 22, 1915. Katika bafu dogo lililofungwa, kiasi kidogo chatosha kuchoma macho na mapafu. Siku ya siki iwe ya siki, na siku ya javeli iwe ya javeli. Atakayehisi harufu kali ya kukaba pumzi atoke mara moja, aache mlango wazi, na asirudi mpaka hewa imesafika.

Heshima ya mzee

Mwisho, kuna kazi ya pazia ambayo haionekani dukani. Mara nyingi mama mzazi wa mume huletwa mjini kutoka mashambani kwa matibabu, naye hawezi tena kusimama peke yake bafuni. Mwenye kumhudumia mchana kutwa ni mke wa mwanawe, na kwa desturi za watu wengi wa nchi hizi, si jambo jepesi mkwe kumwona mama mkwe wake akiwa uchi. Wazee wengine hukataa kuoga kwa siku kadhaa kuliko kuivunja heshima hiyo, na ugonjwa huzidi.

Pazia zito huwaokoa wote wawili. Mama hukaa juu ya stuli imara, palipo na pembe ya kuogea, au hupewa ndoo ya maji ya uvuguvugu mahali pakavu pasipoteleza. Mkwe husimama upande wa pili, akipitisha mkono tu kumpa sabuni au kumshika asianguke, huku wakizungumza. Kwa ajili hiyo, kitambaa kijaribiwe mapema. Taa iwashwe ndani, mtu asimame nyuma yake, na mwingine atazame kutoka mlangoni. Kivuli cha mwili kikionekana waziwazi, kitambaa kiongezewe bitana.

Ila mzee aonywe asilishike pazia wala bomba lake anapoinuka. Bomba la springi hubeba kitambaa tu. Likielemewa na mtu huchomoka, na kuanguka juu ya terazo yenye maji kumevunja nyonga za wengi. Mahali pa kushika ni mpini wa chuma uliotiwa ukutani na fundi kwa idhini ya mwenye nyumba, na ombi la kibali hicho liandikwe mapema, kabla mgonjwa hajafika.

Barua ya uhamisho ikija, kulabu 12 hufunguliwa, bomba hulegezwa, na vyote hufungwa katika kanga moja. Bafu la kituo kipya huenda likawa na kipimo kingine. Ndiyo sababu fundi aliambiwa aache pindo la sentimita 15, ambalo hufumuliwa na kushonwa upya kwa urefu unaotakiwa. Katika orodha ya makabidhiano hodhi litaandikwa, vigae vitaandikwa, na taa pia. Pazia halimo katika orodha hiyo; ni mali ya familia.