Sehemu ya 7: "Nesi, mchome tu alale"

Mada ya leo ni nzito, subiri watoto walale ndiyo usome.

Kuna ombi ambalo sisi manesi tunalisikia, hasa zamu ya usiku. Ndugu anakuita pembeni, anashusha sauti: "Nesi, kama kuna sindano, mchome tu alale. Ameteseka vya kutosha." Anayesema hivyo si mtu mbaya. Mara nyingi ndiye huyohuyo anayemwogesha mgonjwa na kufua mashuka wiki ya tatu sasa, hana wa kumpokea. Msimwite muuaji.

Jibu la sheria ni fupi. Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 216, anayemsaidia mtu kujiua anaweza kufungwa maisha. Na ukimchoma wewe mwenyewe ili afe, ni mauaji hata kama alikuomba. Uholanzi wameruhusu kwa masharti tangu 2002, na huko bado wanabishana. Mimi sichomi, wala sitaki sheria yetu ibadilike.

Ila sababu yangu siyo sheria. Ukimuuliza yule ndugu swali la pili, "Kwani kwa maumivu anapewa dawa gani?", unajibiwa Panadol. Saratani ya shingo ya kizazi imeshafika kwenye mifupa, mtu yuko kwenye Panadol! Jamani, huyo ameomba maumivu yaishe. Kufa ni neno lililobaki mdomoni baada ya mengine yote kukosa wa kuyasikia.

Dawa ya maumivu hayo ipo: mofini ya maji. Unga wake unachanganywa na maji, mgonjwa anakunywa kila baada ya saa nne, nyumbani kwake, haihitaji umeme wala mashine. Mitaani wanasema ukianzishiwa mofini ndiyo umeagwa. Si kweli. Inaanzwa dozi ndogo, inapandishwa taratibu kufuata maumivu. Siku za mwanzo inaleta usingizi na kichefuchefu, na choo kinakuwa kigumu, kwa hiyo omba dawa ya kulainisha choo mapema. Hatari ni kujipandishia dozi wenyewe, maana ikizidi inapunguza pumzi. Chupa ifungieni, mtoto asiifikie.

Majirani zetu Uganda walianza zamani. Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na tangu 2004 manesi waliosomea tiba shufaa wanaruhusiwa kuandika mofini. Mgonjwa anaipata bure. Kwetu tiba shufaa ipo pia, Ocean Road ndiyo inayojulikana zaidi, lakini Tabora hadi Dar kwa reli ni kama kilomita 840, na sisi wa Ipole tunaanzia mbali zaidi. Mtu mwenye saratani ya mifupa akae safari hiyo kwa ajili ya chupa?

Hapo ndipo sikubaliani na tunavyopima vifaa vya hospitali. Mashine mpya ikija utepe unakatwa, picha zinapigwa. Sawa, mashine tunazihitaji. Lakini pesa ikigawanywa, nani anauhesabu usiku wa mgonjwa asiyepona? Tukihesabu waliopona tu, mofini itashindwa kila mwaka, maana hakuna aliyepona kwa mofini.

Nyumbani nako ni hivyohivyo. Familia inauza ng'ombe, pesa ya tumbaku inaisha yote kwenye kipimo kingine, na mgonjwa mwenyewe alishasema amechoka, anataka kurudi kwake. Kuacha matibabu yasiyomsaidia tena siyo kumuua. Kumrudisha bila dawa ya maumivu, hilo ndilo silikubali. Kabla hamjaruhusiwa ulizeni: maumivu yakizidi saa nane usiku tufanye nini, na tumpigie nani?

Sisemi mofini inamaliza kila teso. Wapo ambao maumivu yametulia na bado wanaomba kuondoka. Hao nakaa nao, nasikiliza, jibu sina.

Wenye mabinti wa miaka 9 hadi 14: chanjo ya HPV siku hizi ni dozi moja, na ni bure. Msiiache.

Dada aliyeuliza kuhusu mgonjwa aliye kwenye oksijeni, na nani mwenye haki ya kusema itolewe, swali lako nimeliona. Ni la Sehemu ya 8, Mungu akipenda Alhamisi nikitoka zamu.